Neno Kibarua Lilitoka Wapi?

Asubuhi katika vijiji vya Ikuti watu hukutana njiani. Mmoja amebeba jembe. Mwingine ana kikapu mgongoni. Mwingine anapeleka mkungu wa ndizi barabarani. Ukimwuliza mmoja wao, "Mama, unakwenda wapi?" atakujibu, "Nakwenda shambani kwangu." Ukimwuliza wa pili atakujibu, "Nakwenda kibaruani."

Umewaelewa wote wawili mara moja. Wa kwanza anakwenda kulima shamba lake. Wa pili anakwenda kulima shamba la mtu mwingine, au kuchuma chai ya mtu mwingine, na atalipwa ujira.

Neno hili kibarua tunalisema kila siku. Tunalisema shambani, sokoni, kwenye nyumba zinazojengwa na kwenye malori ya mizigo. Lakini ni wachache wanaojiuliza lilitoka wapi. Katika somo hili tutalichunguza. Utaona kwamba ndani yake mna neno jingine, na neno hilo umelisoma tangu siku za kwanza za darasa.

Barua na kibarua

Chukua kalamu. Liandike neno kibarua katika daftari lako. Sasa funika silabi ya kwanza, ki, kwa kidole. Soma linalobaki. Ni barua.

Katika Kiswahili, silabi ki ikiwekwa mbele ya neno mara nyingi hulipunguza kitu. Mlima mdogo ni kilima. Mtoto mdogo sana ni kitoto. Na barua ndogo ni kibarua. Basi maana ya kwanza kabisa ya kibarua siyo mtu, wala siyo kazi. Ni karatasi ndogo iliyoandikwa.

Neno barua lenyewe lilitoka katika Kiarabu. Watu wa pwani walifanya biashara na Waarabu kwa mamia ya miaka, na maneno mengi ya kuandika na kuhesabu yaliingia kwa njia hiyo. Kalamu, hesabu na daftari ni ndugu zake barua. Yote yana asili ya Kiarabu, lakini sasa ni Kiswahili safi, na hakuna anayeyaona kuwa mageni.

Sasa tuulize: mtu anayelima kwa kulipwa aliitwaje jina la karatasi?

Karatasi ya Unguja

Jibu liko Unguja, katika karne ya 19. Wakati huo mji wa Unguja ulikuwa na biashara kubwa. Majahazi na meli zilileta nguo, zikaondoka na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Sandarusi ni utomvu mgumu wa mti, uliochimbwa ardhini na kuuzwa Ulaya na Marekani kwa kutengenezea rangi ya kung'arisha mbao. Kazi zilikuwa nyingi. Kulikuwa na mizigo ya kubeba, sandarusi ya kusafisha, karafuu za kuchambua, na mawe ya kujengea nyumba.

Wafanya biashara walihitaji watu wa kazi leo, lakini kesho huenda wasiwahitaji. Kwa hiyo waliwachukua kwa siku. Mtu akimaliza kazi ya siku alikuwa na kijikaratasi mkononi. Siku ya malipo alikirudisha kile kijikaratasi, akapewa fedha zake. Karatasi hiyo ndiyo iliyoitwa kibarua. Hivyo ndivyo alivyoeleza Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuandika kitabu cha kufundishia Kiswahili. Alisema watu wa kazi za siku waliitwa vibarua kwa sababu ya vile vijikaratasi walivyopewa.

Jina la karatasi likamhamia mtu aliyeishika. Halafu likaihamia na kazi yenyewe. Ndiyo maana hata leo neno hili lina maana mbili zinazokwenda pamoja. Tunasema "kibarua amefika", yaani mtu. Tena tunasema "kibarua kimekwisha", yaani kazi. Sikiliza vizuri: amefika, lakini kimekwisha. Sarufi inatuonyesha tunazungumza juu ya mtu au juu ya kazi. Maana ya tatu, ile ya karatasi, karibu imesahaulika.

Hapa kuna jambo la uchungu, na haifai kulificha. Wengi wa vibarua wale wa Unguja walikuwa watumwa. Bwana alimpeleka mtumwa wake mjini akafanye kazi kwa mfanya biashara. Mtumwa alibeba mizigo kutwa nzima. Alipolipwa, sehemu kubwa ya ujira aliipeleka kwa bwana wake, na kidogo kilichobaki kilikuwa cha chakula chake. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Tanganyika ulifutwa mwaka 1922. Neno kibarua lilivuka kutoka zama zile hadi zetu.

Imbombo na kodi

Kwa Kinyakyusa kazi ni imbombo. Neno hili ni la zamani kuliko neno kibarua katika milima yetu ya Rungwe. Imbombo ilikuwepo kabla ya fedha. Kijana alilima shamba la baba yake, na hakuna aliyemwandikia siku. Wakati wa kuoa ukifika, baba alitoa ng'ombe wa mahari. Jasho la kijana lilikuwa na malipo, lakini malipo yale yaliwekwa katika kumbukumbu ya ukoo. Kila mtu alijua nani amelima na nani hakulima.

Fedha ilibadili mambo haya. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Kodi ilitakiwa ilipwe, na mtu asiyekuwa na fedha ilimbidi aitafute. Mji wa Tukuyu wakati huo Wajerumani waliuita Neu Langenburg, nao ulikuwa makao ya serikali yao katika nchi hii. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza wakachukua utawala, na kodi ikaendelea.

Katika miaka ya 1930 wanaume wengi wa Rungwe walikwenda Lupa, upande wa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Baadaye wengine walivuka mpaka, wakaenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia, ambayo wakati huo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Wengine walifika hata kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Katika Rungwe yenyewe yalifunguliwa mashamba makubwa ya chai, na vibarua wakahitajiwa karibu na nyumbani.

Tazama tofauti. Shambani kwa baba, ukoo mzima ulikuwa shahidi. Lupa hapakuwa na ukoo. Palikuwa na mwajiri, mnyapara, na karatasi. (Mnyapara naye ana historia yake. Jina hilo linatoka kwa viongozi wa misafara ya Wanyamwezi, waliowaongoza wapagazi kutoka Tabora hadi pwani.)

Kipande

Karatasi ya kazi ilikuwa na jina jingine pia, kipande. Wazee wengi walilijua sana neno hili.

Mwaka 1907, katika wilaya ya Usambara ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, na leo ni Lushoto, ilianzishwa kadi ya kazi. Kila mwanamume mzima alitakiwa afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Kadi ndiyo iliyoonyesha kama amezitimiza. Baadaye, wakati wa Waingereza, mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalitumia kadi yenye nafasi 30. Kila siku ya kazi ilitiwa alama katika nafasi moja. Nafasi 30 zikijaa, mtu amemaliza kipande, na ndipo anapolipwa.

Siku 30 za kipande hazikuwa mwezi mmoja. Siku ya mvua, siku ya kuugua, siku ya kutomaliza kazi uliyopimiwa, zote hazikutiwa alama. Ndiyo sababu mara nyingi kibarua alipewa hadi siku 42 kukamilisha kipande kimoja. Mtu angeweza kusema kwa haki yake, "Nimefanya kazi mwezi na nusu," na kadi ikasema, "Siku 30." Na mwenye kuandika kadi alikuwa mmoja tu.

Majirani zetu wa Kenya walilijua neno kipande kwa maana mbaya zaidi. Huko sheria ya kuandikisha wafanyakazi ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 au zaidi alitakiwa achukue kipande chenye alama za vidole vyake na majina ya waajiri wake. Wengi walikitia katika kikopo cha bati na kukining'iniza shingoni kwa kamba. Mtu asiyekuwa nacho aliweza kukamatwa. Karatasi ile haikumlinda mfanyakazi. Ilimfunga.

Basi karatasi peke yake si njema wala si mbaya. Inategemea imeandikwa nini, nani ameandika, na kama mwenye kuibeba anaweza kuisoma. Vibarua wa Unguja, wa mkonge na wa Lupa wengi wao hawakujua kusoma. Walibeba maneno yaliyowahusu wao wenyewe, na wakalazimika kumwuliza mtu mwingine yanasema nini.

Jinsi tunavyolitumia neno leo

Leo neno kibarua limeenea Afrika Mashariki nzima. Mjenzi ana vibarua wake, wanaoitwa pia saidia fundi. Katika magari ya abiria yuko deiwaka, anayemshikia dereva au kondakta zamu ya siku moja. Huyo naye ni kibarua, ila amevaa jina la mjini.

Mtu akifukuzwa kazi watu husema, "Kibarua kimeota nyasi." Msemo huu unaeleweka vizuri na mkulima. Mahali palipokuwa pakilimwa pameachwa, na nyasi zimeota. Hata waziri akiondolewa madarakani, magazeti huandika kwamba kibarua chake kimeota nyasi. Na timu ya mpira ikikabiliwa na mechi ngumu, mtangazaji wa redio husema timu hiyo ina kibarua kizito.

Lakini wako wanaolitamka neno hili kwa dharau. Husema, "Yule ni kibarua tu." Kosa liko katika ile tu. Chai inayonywewa mijini imechumwa na mikono ya vibarua wengi. Mtu anayefanya kazi kwa siku anafanya kazi, na siku yake ina saa zilezile kama za mwenye mshahara. Mshahara, kwa asili yake ya Kiarabu, ni malipo ya mwezi. Kibarua hulipwa kwa siku, kwa juma, kwa kilo au kwa kipimo cha shamba. Tofauti ni ya hesabu ya malipo, siyo ya utu.

Kuna dhara jingine, kubwa kuliko dharau. Siku hizi vibarua wengi hawana karatasi yoyote. Wanaambiwa kwa mdomo, wanafanya kazi, na wanalipwa kwa kumbukumbu ya mwenye shamba. Jina la karatasi limebaki, karatasi yenyewe imepotea.

Sheria inasema nini

Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Sheria hii inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi. Yaandikwe kazi ni ipi, ilianza tarehe gani, itafanyika wapi, kwa saa ngapi, na malipo yanahesabiwaje. Kama mfanyakazi hayaelewi maandishi hayo, mwajiri anatakiwa ahakikishe ameelezwa kwa namna anayoielewa. Kipengele hiki cha maelezo hakimhusu mtu anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Lakini kibarua anayekwenda shamba lilelile juma baada ya juma amekwisha kuzipita siku hizo.

Ukitokea ugomvi juu ya masharti ya kazi, na mwajiri hawezi kuonyesha maandishi, basi mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Tena sheria hairuhusu mwajiri akate ujira anavyopenda. Makato yawe yale yanayotakiwa au kuruhusiwa na sheria, au yawe ya deni ambalo mfanyakazi mwenyewe amelikubali kwa maandishi.

Sheria nyingine ya mwaka huohuo 2004, ya Taasisi za Kazi, inasema jambo linalofaa kujulikana katika kila kijiji. Mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi, katika miezi mitatu iliyopita, huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 ni kama siku tano au sita za kazi. Kumwita mtu kibarua hakumwondolei haki hiyo.

Mashauri ya kazi hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya kuachishwa kazi yapelekwe katika siku 30. Madai mengine, kama ya ujira, katika siku 60. Anayekaa kimya mwaka mzima akisubiri mwajiri akumbuke, siku zake zinapita.

Daftari la kibarua

Tuseme mama mmoja anachuma chai katika shamba la mtu. Analipwa kwa kilo. Kila jioni majani yake hupimwa, na karani huandika katika daftari la shamba. Mama huyu amejifunza kusoma na kuandika. Naye ana daftari lake dogo, alilolifunga kwa mfuko wa plastiki lisilowe mvua. Maana mvua ya Rungwe tunaijua. Kila jioni, kabla ya kuondoka kwenye mizani, huandika hivi:

Jumatatu: kilo 24
Jumanne: kilo 31
Jumatano: sikwenda, mtoto mgonjwa
Alhamisi: kilo 28
Ijumaa: kilo 26
Jumamosi: kilo 19
Jumla: kilo 128

Tuseme kilo moja ni shilingi 300. Bei hii ni ya mfano tu, ili tupate kuhesabu. Kilo 128 mara shilingi 300 ni shilingi 38,400. Siku ya malipo mama anapewa shilingi 35,400. Zimepungua shilingi 3,000.

Zamani angepokea na kwenda zake, au angelalamika bila kuwa na cha kuonyesha. Sasa anafungua daftari lake.

"Shikamoo, baba karani."

"Marahaba, mama."

"Baba, naomba tusomeane juma hili. Wewe soma lako, na mimi nisome langu."

Karani anasoma. Jumatatu 24, sawa. Jumanne 31, sawa. Alhamisi 18.

"Hapo simama, baba. Alhamisi mimi nina 28."

Karani anatazama tena. Tarakimu ya kwanza haikuandikwa vizuri. Ilikuwa 2, ikasomwa kama 1. Kilo kumi zilipotea hapo, na kilo kumi ni shilingi 3,000. Karani anasahihisha, na mama anapata fedha zake zote.

Huenda karani hakuwa mwizi. Mtu mwenye kupima vikapu vya watu wengi wakati giza linaingia huweza kukosea. Lakini kosa la bahati mbaya na kosa la makusudi humpunguzia mchumaji kiasi kilekile. Daftari lililoandikwa siku ileile, siku kwa siku, husaidia katika yote mawili. Daftari lililojazwa juma zima kwa mara moja, usiku wa kuamkia malipo, halina nguvu hiyo, kwa sababu nalo ni la kukumbuka tu.

Andika tarehe. Andika kilo au kipimo cha shamba. Andika na siku usizokwenda, kama alivyofanya mama huyu, maana daftari linalokubali siku za kutokwenda huaminiwa zaidi. Ukilipwa, andika kiasi na tarehe. Ukiweza, mwombe karani atie sahihi pembeni.

Maswali

1. Neno kibarua lilikuwa na maana gani hapo kwanza? Taja maana zake mbili za leo.
2. Kwa nini siku 30 za kipande hazikuwa sawa na mwezi mmoja?
3. Soma sentensi hizi: "Kibarua amechoka." "Kibarua kimechosha." Ipi inasema juu ya mtu? Umejuaje?
4. Kibarua alilima siku 9 kwa shilingi 6,000 kila siku. Amekwisha kupewa shilingi 20,000. Anadai shilingi ngapi?
5. Chora katika daftari lako ukurasa wa juma moja la kazi, kama ule wa mama mchuma chai. Ujaze kwa kazi uliyoifanya juma lililopita, hata kama ilikuwa shambani kwako. Uulete darasani usomwe.